Umeme, Baridi na Barabara ya Kwenda Voi

Mama yetu anaishi Voi, kilomita 330 hivi kutoka Nairobi. Mdogo wangu wa kike ameolewa Norwei, na nyumba yake iko Trondheim, kilomita 490 hivi kutoka Oslo. Februari ya mwaka jana nilisafiri na familia yake kutoka Oslo hadi kwao kwa gari la umeme. Nje kulikuwa na nyuzi 19 chini ya sifuri na mtoto wa miezi minane alikuwa amelala kiti cha nyuma. Tulifika jioni ya siku hiyo hiyo, betri ikiwa na zaidi ya robo ya chaji. Aprili nikajaribu kumwendea Mama kwa gari langu mwenyewe la umeme, jua likiwaka na barabara ikiwa kavu. Nililala njiani, Mtito Andei.

Kila msimu wa baridi unapoingia Ulaya na Marekani, sisi wa Nairobi tunaanza kutumiana picha za magari ya umeme yaliyofunikwa na theluji, na chini yake mtu ameandika kwamba teknolojia hii imeshindwa. Picha hizo ni za kweli. Kinachonisumbua ni hukumu inayotolewa juu yake, maana imetufanya tuogope adui asiyekuja kwetu na kusahau kudai kitu tunachokikosa kila siku. Safari zangu hizo mbili zimenionyesha hivyo, na hesabu nazo zinakubaliana nazo.

Tuanze na baridi yenyewe. Ndani ya betri ya lithiamu, umeme hutegemea ayoni, yaani chembe ndogo sana zenye chaji, zinazoogelea katika majimaji yanayoitwa elektroliti, kutoka upande mmoja wa betri kwenda upande wa pili. Majimaji hayo yakipoa huwa mazito, kama mafuta ya nazi yanavyoganda kwenye chupa asubuhi ya Julai kule Limuru. Ayoni huenda polepole, ukinzani wa ndani hupanda, na sehemu ya nguvu hupotelea humo humo ndani ya betri. Lakini mafuta ya nazi yakianikwa juani huyeyuka tena, na hakuna tone lililopungua. Betri nayo ni hivyo hivyo: ikipata joto, uwezo wake hurudi.

Kuchaji ndiko kugumu zaidi. Ukiilazimisha betri iliyo chini ya nyuzi sifuri imeze umeme kwa kasi, lithiamu hushindwa kupenya ndani ya grafiti, ile kaboni iliyo upande mmoja wa betri, na kuanza kujipanga juu yake kama utando wa chuma. Jeraha hilo haliponi. Ndiyo maana kompyuta ya gari hukataa, ikapokea umeme kidogo kidogo mpaka betri ipate joto. Dereva anayefika kituoni na betri iliyoganda hudhani kituo ni kibovu, kumbe ni gari linajilinda.

Halafu kuna hita, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Injini ya petroli hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya mafuta yake kama joto tupu. Ukiwasha hita kwenye gari la petroli, unaokota joto ambalo lingetupwa hewani. Mota ya umeme haina uzembe huo. Karibu kila uniti ya umeme inayoingia hutoka kama mwendo, kwa hiyo joto la kuwapasha abiria lazima linunuliwe kutoka kwenye betri ile ile inayolisukuma gari. Mwaka 2019, AAA, chama kikubwa cha wenye magari cha Marekani, kilipima magari matano ya umeme katika baridi ya nyuzi 7 hivi chini ya sifuri. Hita ikiwa imezimwa, masafa, yaani umbali ambao gari huenda kwa chaji moja, yalipungua kwa asilimia 12. Hita ilipowashwa, yalipungua kwa asilimia 41. Lisome tena pengo hilo. Sehemu kubwa ya hasara haikutoka kwenye kemia ya betri. Ilitoka kwa binadamu aliyeketi ndani, anayetaka vidole vyake viwe na joto, na ana haki ya kutaka hivyo.

Tangu vipimo hivyo, magari mengi yamepata pampu ya joto, ambayo ni friji iliyogeuzwa: inanyonya joto kutoka hewa ya nje, hata hewa ya baridi, na kulisukuma ndani kwa gharama ndogo kuliko waya unaowashwa ukawa mwekundu. Baridi ikizidi sana, nayo huchoka. Chama cha wenye magari cha Norwei, NAF, kilipopima magari 20 majira ya baridi ya 2020, kilipata wastani wa upungufu wa asilimia 18.5 ukilinganisha na masafa rasmi ya kiwanda. Barabara nyingine, baridi nyingine, magari mengine. Kwa vyovyote vile, anayenunua gari lililoandikwa kilomita 400 na kuishi penye theluji hana budi kupiga hesabu ya 300, na siku mbaya apige ya 250.

Yako na mengine madogo yanayojumlika. Hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni nzito kwa asilimia 16 hivi kuliko hewa ya nyuzi 20 juu ya sifuri, na gari hulazimika kuipasua. Matairi ya misumari hukwaruza lami. Theluji laini barabarani huvuta magurudumu kama mchanga wa mto.

Petroli nayo haipendi baridi, jambo ambalo picha tunazotumiana hazilisemi. Dizeli huganda nta na kuziba chujio, ndiyo sababu nchi hizo huuza dizeli maalumu ya majira ya baridi. Betri ndogo ya kuwashia injini hufa usiku. Sehemu nyingi za Ufini na kaskazini mwa Uswidi, maegesho yamekuwa na nguzo za soketi kwa miaka mingi, kabla gari la umeme halijawa biashara, ili wenye magari ya petroli wachomeke injini zao zipate joto kabla ya kuwashwa. Mwanzoni mwa 2024, Viking, kampuni ya Norwei ya kuokoa magari yaliyokwama, ilieleza kwamba kati ya magari yaliyokataa kuwaka kwenye baridi, ya umeme yalikuwa asilimia 13. Wakati huo yalikuwa yanakaribia robo ya magari yote ya nchi hiyo.

Sasa nirudi kwenye safari yetu ya Trondheim, maana niliyoyaona huko ni mazito kuliko takwimu.

Usiku wa kuamkia safari, shemeji alichomeka gari nje ya nyumba tuliyofikia na kuiambia simu yake kwamba tutaondoka saa moja asubuhi. Saa moja ilipofika, gari lilikuwa na joto ndani, vioo vikiwa safi na betri ikiwa vuguvugu, na joto lote hilo lilikuwa limetoka kwenye umeme wa nyumba. Tuliondoka na betri kamili ya uniti 77. (Nasema uniti kwa sababu ndizo tunazonunua kwa tokeni nyumbani, uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja.) Njiani hita ya hewa iliwekwa chini kidogo, tukategemea hita za viti, ambazo hula wati 50 hadi 100 tu, wakati hita ya hewa hula wati elfu kadhaa. Mwendo ulikuwa kilomita 80 kwa saa sehemu kubwa ya njia, kwa kuwa ndivyo sheria ya huko inavyotaka.

Gari ambalo wakati wa kiangazi hutumia uniti 17 kwa kilomita 100 lilikuwa likitumia 25. Nilikaa mbele, macho kwenye dashibodi, nikiziona asilimia zikianguka kama nilivyozoea kuziona kwenye gari langu, tumbo likijikunja. Mdogo wangu akaniambia kutoka nyuma, "Kaka, mbona unaangalia hiyo namba kila dakika? Kituo kiko mbele." Sikumjibu. Niliyezoea barabara ya Mombasa nilikuwa sijui maana ya sentensi hiyo.

Tulisimama Lillehammer dakika 25, tukanywa kahawa na kumbadilisha mtoto nepi. Kabla ya kufika Dombås gari lilianza lenyewe kuipasha betri, maana lilijua kutoka kwenye ramani kwamba tunakwenda kuchaji. Tulipochomeka, umeme uliingia kwa kasi kana kwamba nje si barafu. Nguzo za kuchaji zilikuwa nyingi, za kampuni tofauti, zote zikiwa na plagi ya aina moja. Moja haikufanya kazi. Shemeji hakusema neno. Alirudisha gari nyuma mita nne akaingia ya pili. Kisha tukapanda Dovrefjell, ambako barabara ya E6 hufikia kimo chake cha juu kabisa, mita 1,026, upepo ukipeperusha theluji barabarani kama unga. Nilikuwa naogopa mlima huo tangu Oslo. Ukapita bila tukio.

Nimeufikiria sana ule mwendo wa mita nne. Gari lilikuwa zuri, ndiyo, lakini gari hilo hilo lingekwama kama lingefika Dombås likakuta nguzo moja, mbovu. Baridi ilichukua karibu theluthi ya nguvu zetu, na barabara ikaturudishia. Norwei ilianza kuyapunguzia kodi magari ya umeme mwaka 1990, na mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya umeme. Watu hao hawakusubiri betri isiyoogopa baridi. Walijenga barabara inayoisamehe betri.

Mfano wa kinyume ni Chicago, na ndio uliotuletea picha nyingi zaidi. Katikati ya Januari 2024 baridi ilishuka zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na magari mengi ya umeme yakakutwa yamekwama kwenye vituo vya kuchaji, mengine yamekufa kabisa kwenye foleni. Mwezi huo huo kaskazini mwa Uswidi kulipimwa nyuzi 43.6 chini ya sifuri, na magari ya umeme ya nchi za huko yaliendelea na kazi zao. Baridi pekee haiwezi kueleza tofauti hiyo. Kilichotokea Chicago ni kwamba watu walifika vituoni na betri karibu tupu na iliyoganda, bila kuipasha njiani. Baadhi ya nguzo zilikuwa mbovu, foleni ikarefuka, na waliosubiri wakazidi kula chaji yao kwa hita. Kati yao walikuwemo madereva wa teksi za programu, watu ambao gari ni kazi yao na hawana mahali pa kuchomeka nyumbani.

Hapo ndipo Mkenya anapopaswa kusimama na kutazama kwa makini. Dereva wa teksi wa Chicago asiye na soketi nyumbani ni ndugu wa dereva wa teksi anayeishi ghorofa ya tano mtaa wa Pipeline au Roysambu, Nairobi. Tangu 2023 tuna bei maalumu ya umeme wa magari, iliyoanza kwa Sh16 kwa uniti na Sh8 usiku, kabla ya kodi na tozo. Ni bei nzuri kabisa. Lakini ya usiku humfaa mwenye geti, maegesho na mita yake mwenyewe. Anayeegesha kando ya barabara chini ya fleti, akimlipa mlinzi amwangalizie gari, haifikii. Nairobi tulishaonja teksi za umeme: NopeaRide, iliyokuwa na mizizi Ufini, ilianza hapa mwaka 2018 ikitumia Nissan Leaf, na kufikia mwisho wa 2022 ilikuwa imefunga. Kampuni kutoka nchi ya theluji ilifunga kazi katika jiji lisilojua theluji. Atakayedhani kwamba hali ya hewa ndiyo huamua, na alieleze hilo.

Kwa kweli, kama ungeambiwa utafute duniani mahali pazuri pa kuendesha gari la umeme, Nairobi ingekuwa kwenye orodha fupi. Jiji liko kwenye kimo cha mita 1,700 na zaidi, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya usawa wa bahari. Gari huipasua kwa urahisi. Injini ya petroli isiyo na turbo, pampu ya kuisukumia hewa, huhema kwenye kimo hiki, kila aliyepanda Mau Summit na gari lililojaa anajua, lakini mota ya umeme haipumui na haijali. Baridi yetu ya kipupwe, nyuzi 10 au 12 alfajiri ya Julai, inatosha kutuvalisha makoti lakini haitoshi kuiumiza betri. Umeme wetu karibu asilimia 90 hutoka kwenye vyanzo safi: mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Tana, upepo wa Turkana. Na foleni ile ya Desemba ya kutoka Nakuru, watu wakilala barabarani Naivasha na Kinungi, gari la umeme lililosimama bila hita karibu halili chochote.

Kama tuna majira ya baridi ya kwetu, ni milima. Nilipiga hesabu yake. Kuliinua gari la kilo 1,800 kutoka usawa wa bahari Mombasa hadi kimo cha mita 1,700 kunahitaji uniti 8 na ushei, na ukiongeza kinachopotea kwenye mota utafika 9 au 10. Kwa betri kubwa hilo ni jambo dogo. Kwa gari la mtumba lenye betri ya uniti 40, ni robo. Ndiyo maana safari ya kurudi kutoka pwani hula zaidi ya kwenda, na anayepiga hesabu ya kurudi kwa namba za kwenda atakwama karibu na Salama akishangaa. Linganisha na familia inayoendesha saa saba katika baridi ya Norwei: hita inayokula kilowati 2 au 3 itamaliza uniti 14 hadi 21. Mlima wetu ni nusu ya baridi yao. Tena mlima, tofauti na hita, hurudisha sehemu ya ulichoupa ukishuka, kupitia breki zinazoigeuza mota kuwa jenereta. Ila asichaji mpaka ijae anayeshuka bonde la Mai Mahiu kutoka Limuru. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme wa kushuka, sawa na betri iliyoganda, na utabaki na breki za kawaida peke yake kwenye mteremko usiosamehe.

Joto nalo lina mambo yake, na hapa ndipo tunapaswa kuwa na hofu ya kweli. Baridi hukopa masafa na kuyarudisha. Joto huyachukua moja kwa moja. Betri inayokaa mwaka mzima kwenye joto huzeeka haraka, kwa sababu kemia isiyotakiwa ndani yake huenda mbio kadiri joto linavyopanda. Mwaka 2012 wenye Nissan Leaf wa Phoenix, Arizona, walianza kulalamika kwamba betri zao zimepoteza uwezo mapema mno. Leaf za vizazi viwili vya kwanza hazina mfumo wa majimaji wa kupooza betri. Hutegemea hewa tu. Phoenix walau ina miezi ya ubaridi. Mombasa wastani wa mwaka mzima ni nyuzi 26 hivi na betri haipati likizo. Kisha kuna joto la safari: Leaf za kuanzia 2018 zilijulikana kwa kupunguza kasi ya kuchaji zikichajiwa mara mbili au tatu mfululizo siku moja, maana betri imepata moto na haina wa kuipepea. Anayepanga kwenda Mombasa akisimama mara tatu ajue kwamba kituo cha tatu kitamchelewesha kuliko cha kwanza.

Sasa fikiria soko letu. Magari mengi yanayoingia Kenya ni mitumba kutoka Japani, yasiyozidi miaka minane. Mnunuzi wa gari la petroli huangalia kilomita na rangi. Mnunuzi wa gari la umeme anapaswa kuuliza lilikaa wapi. Gari lililoishi Hokkaido, kisiwa cha theluji, huenda likawa na kutu chini kwa ajili ya chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, lakini betri yake imeishi maisha ya upole. La Okinawa, kusini kwenye joto, huenda likang'aa huku betri ikiwa imechoka. Baridi ile tunayoicheka kwenye picha ndiyo iliyotutunzia mali. Ningependa muuzaji alazimishwe kuonyesha kwa maandishi afya ya betri kabla ya kupokea hela, kama tunavyolazimishwa kuonyesha cheti cha ukaguzi. Wengi sasa wanaangalia vijistari 12 vya dashibodi kwenye Leaf, na hiyo ni hatua, ingawa kijistari cha kwanza hakizimiki mpaka betri iwe imeshapoteza kama asilimia 15.

Nirudi Mtito Andei.

Niliondoka Nairobi alfajiri na betri kamili. Barabara huteremka polepole kuelekea huko, kwa hiyo nilifika, kilomita 230 baadaye, nikiwa na chaji kidogo lakini bila wasiwasi: programu ya simu ilikuwa imenionyesha kituo. Kituo kilikuwepo. Kilikuwa kimoja, na kilikuwa kizima. Plagi yake haikuingia. Gari langu ni la Kijapani, lina tundu la Kijapani. Nguzo ile iliwekwa kwa ajili ya magari ya plagi ya Ulaya. Magari ya Kichina yanayoongezeka nchini yana ya tatu. Nilisimama pale na waya mkononi kama mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba ya jirani. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni alinionea huruma, akapitisha waya kutoka dirisha la jiko lake. Soketi ya kawaida hutoa uniti 2 na ushei kwa saa. Kwa saa kumi nilipata uniti 23, na asubuhi nikaenda Voi. Mama alikuwa ameweka chakula tangu jana yake mchana.

Ndiyo maana siwezi kukubali mjadala huu uishie kwenye picha za theluji. Ulaya ilishakubaliana plagi moja ya kuchaji kwa kasi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inataka kwenye barabara zake kuu kuwe na vituo vya kasi kila kilomita 60, kuanzia 2025. Tupige hesabu kwa barabara ya Mombasa: kilomita 480 ni vituo vinane. Vinane tu. Na hatuhitaji kuanza porini. Reli ya SGR ina stesheni Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani. Hizo ni saba, karibu zote jirani na barabara hiyo hiyo, zikiwa na umeme, maegesho, walinzi na vyoo, na sehemu kubwa ya siku maegesho yake ni matupu. Sijaona mahali pazuri zaidi pa kuweka nguzo nne nne, kila nguzo ikiwa na waya wa kila plagi iliyopo nchini hadi tutakapochagua moja. Nne, si moja, kwa sababu ya zile mita nne za Dombås.

Nguzo moja ni mbaya kuliko kutokuwa na nguzo, nadiriki kusema, maana mtu huiamini. Serikali yetu ilijiwekea lengo kwamba kufikia 2025 asilimia 5 ya magari yanayosajiliwa yawe ya umeme. Katika kodi na bei ya umeme imefanya kazi ninayoisifu bila kusitasita. Katika nambari za kijani za magari ya umeme nako. Mengi yaliyosajiliwa ni pikipiki, na hilo linaeleweka: bodaboda hubadilisha betri mtaani na kulala nyumbani. Hazihitaji Mtito Andei. Mabasi ya umeme ya jijini nayo hurudi usiku kuchajiwa yanapolala. Tumefanikiwa popote ambapo gari hulala lilipoamkia. Aliyeachwa nje ni mtu anayekwenda kwao.

Desemba mdogo wangu anakuja na familia yake, na anataka tumpelekee Mama mjukuu wake kwa barabara, si kwa treni, ili shemeji aione nchi. Nimekwisha kupiga simu nyumba saba za wageni kati ya Emali na Voi kuuliza kama wana umeme wa fezi tatu, ule wa nguvu kubwa. Tano hawakujua nazungumza nini. Moja waliahidi kuniulizia kwa fundi wao. Ya saba ni ya mama yule wa Mtito Andei, na hakunisubiri nimalize. Aliniambia tangu Aprili wageni wengine watatu wamepitishiwa waya dirishani, kwa hiyo fundi anakuja wiki ijayo kuweka soketi kubwa ukutani, pale kwenye mti wa mwarobaini ambako kuna kivuli. "Ila mwanangu," akasema, "kila mmoja alikuja na plagi yake. Yenu ni ya namna gani?" Nilimtumia picha.